Kupima asbesto kwenye majengo ya zamani: maabara, kifaa cha mkononi, kipimo cha hewa, au kuchukulia tu kwamba ipo?

Katibu_wa_Bodi

Wadau, heshima zenu. Bodi ya shule ya bweni inapanga ukarabati wa majengo yaliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Kabla fundi hajagusa kitu, tunataka kujua asbesto, yale madini ya nyuzi yanayoleta saratani yakivutwa, iko wapi.

Kuna maeneo matatu. La kwanza ni nyumba nane za walimu zenye paa la mawimbi la kijivu, jumla kama mita za mraba 600; tunaezua tuweke bati la chuma. La pili ni jengo la utawala lenye vyumba sita: dari ya bodi bapa zilizopakwa rangi, ambayo inabadilishwa, na sakafu ya vigae vya plastiki vya sentimita 23 vilivyobandikwa kwa gundi nyeusi, ambayo tunafikiria kuiacha. La tatu ni chumba cha boila nyuma ya jiko. Kuna mita 14 za bomba lililozungushiwa kitu cheupe kama plasta chenye kitambaa juu, na kimeanza kupasuka.

Tumeletewa mapendekezo manne: (a) mkaguzi akate sampuli zipelekwe maabara ya nje ya nchi, (b) kampuni ije na kifaa cha mkononi cha infraredi kinachotoa jibu papo hapo, (c) kupima hewa ndani ya vyumba, (d) tusipime, tuchukulie yote ni asbesto. Ninyi mngechagua lipi, na kwa nini?

Mkaguzi_Majengo

Mkuu, usichague njia moja kwa maeneo yote matatu. Kila eneo jiulize kwanza: majibu yakija, kazi yetu itabadilika vipi? Kama haibadiliki, kipimo hicho ni pesa ya bure.

Paa la mawimbi la kijivu la miaka ya 1960 katika ukanda wetu, tena lenye unene wa kama milimita 6 na lililofungwa kwa bolti za ndoano, lichukulie kuwa la saruji yenye asbesto. Mabati ya aina hiyo kwa kawaida yana asbesto asilimia 10 hadi 15, nyingi ikiwa nyeupe, yaani krisotili, na mara nyingine imechanganywa na ya buluu au ya kahawia. Hapo pendekezo (d) linatosha.

Dari ndiyo ya kupeleka maabara, na nitaeleza chini. Bomba la boila lichukulie ni asbesto kuanzia leo, mpaka maabara iseme vinginevyo: fungeni mlango, wekeni tangazo, fundi asiingie na msumeno.

Pendekezo (c) liondoe mezani. Kipimo cha hewa hakiwezi kukwambia kama jengo lina asbesto. Chumba kikiwa kimetulia, hewa inaweza kusoma safi kabisa huku bomba la mle ndani limefungwa asbesto tupu. Siku fundi anapolipiga nyundo ndipo mambo yanapobadilika.

Ezeka_Ezua

Nakubali kuhusu hewa. Kuhusu paa sikubali moja kwa moja.

Hesabu hivi: bati la saruji likiwa limeezekwa lina uzito wa kama kilo 15 hadi 17 kwa mita ya mraba. Mita 600 ni tani 9 hadi 10. Ukisema ni asbesto, tani zote hizo ni taka hatarishi: vibali, lori lililofunikwa, nailoni nzito, kufukiwa mahali palipoidhinishwa, na wafanyakazi wenye vifaa kamili. Mamlaka ya mazingira kwa Kenya ni NEMA, kwa Tanzania ni NEMC. Sampuli chache za maabara ni gharama ndogo sana mbele ya mzigo huo.

Tena kuna mabati ya saruji yasiyo na asbesto. Baada ya nchi nyingi kupiga marufuku, viwanda vilibadilisha nyuzi vikatumia selulosi na nyuzi za plastiki, na kwa macho ni mabati yaleyale. Jengo ni la 1968, sawa, lakini paa lake linaweza kuwa liliezekwa upya miaka ya 2000. Kupima paa kuna maana.

Mkaguzi_Majengo

@Ezeka_Ezua hoja yako ya tani 10 ina uzito, nami naikubali kwa sharti moja: ujue unatafuta jibu gani.

Kuthibitisha kwamba asbesto ipo ni rahisi. Sampuli moja ikionyesha ipo, umemaliza. Paa lote la aina hiyo lihesabu hivyo. Kuthibitisha kwamba haipo ndiko kugumu. Nyumba nane zimetengenezwa mara nyingi. Bati lililovunjwa na embe au tawi mwaka 1985 lilibadilishwa kwa lililopatikana siku hiyo. Kofia za paa, vipande vya pembeni na gata huwa vimetoka kiwanda kingine. Kwa hiyo anza hivi: chukua vipande viwili kutoka nyumba mbili tofauti. Vikiwa na asbesto, simama, usipime tena. Vikiwa havina, bado hujaruhusiwa kusema paa ni safi. Unahitaji sampuli kutoka kila nyumba, na kutoka kila bati lenye mawimbi, rangi au unene tofauti na wenzake, pamoja na kofia na gata.

Muhuri wa kiwanda upande wa chini wa bati husaidia kusema ndiyo. Usiutumie kusema hapana kwa paa zima, kwa sababu muhuri unazungumzia bati moja tu.

Hadubini_Polar

Niongeze upande wa maabara, maana watu wengi wanadhani ni mashine unaweka kipande inatoa namba.

Njia ya kawaida kwa sampuli za vifaa vya ujenzi ni PLM, hadubini ya mwanga uliopolarishwa. Mchambuzi anaanza na hadubini ya kawaida ya ukuzaji mdogo, akipasua kipande na kutafuta nyuzi kwa kibanio. Saruji na chokaa huyeyushwa kwa asidi ili nyuzi zibaki. Kisha kila aina ya uzi inawekwa kwenye kioo ndani ya tone la mafuta ambalo kipeo chake cha mpindo wa nuru kinajulikana: 1.550 kwa krisotili, 1.700 kwa asbesto ya buluu, na mengine kati ya hapo kwa amositi, yaani ya kahawia, na jamaa zake. Uzi unatambuliwa kwa rangi unazotoa ndani ya mafuta hayo, umbo lake, na jinsi unavyozima na kuwaka ukizungushwa chini ya mwanga. Ya buluu ina alama yake ya pekee: mwelekeo wake wa kupitisha nuru ni kinyume na aina nyingine.

Njia hii ina nguvu sana kwa saruji, bodi za dari na vifunika joto vya mabomba. Inakosea hapa:

Vigae vya sakafu na gundi ya lami. Nyuzi zilisagwa laini sana kiwandani, nyingine ni nyembamba kuliko mikromita 0.25, na hadubini ya mwanga haizioni. PLM ikisema haipo kwenye kigae cha plastiki, jibu hilo ni dhaifu. Mpaka plastiki ichomwe, chokaa iyeyushwe kwa asidi, na mabaki yaangaliwe kwa hadubini ya elektroni ya kupenya, TEM. Kigae na gundi ni sampuli mbili. Mara nyingi moja inayo na nyingine haina.

Kifunika joto kilichokaa kwenye joto kali miaka mingi. Joto hubadilisha rangi na tabia ya nyuzi, na mchambuzi asiye mzoefu anaweza kuipa ya kahawia jina la kitu kingine.

Kuchanganya sampuli ili kupunguza bei. Usikubali. Ukichanganya plasta ya vyumba vitano kwenye mfuko mmoja, chumba kimoja chenye asbesto kinafunikwa na vinne visivyo nayo. Ripoti itoe jibu kwa kila sampuli na kwa kila tabaka.

Na asilimia. Kanuni za Marekani zinahesabu kifaa kuwa cha asbesto kikizidi asilimia 1. Uingereza haina ruhusa hiyo. Uzi ukipatikana, unatajwa. Kwa hiyo waambieni maabara mapema waandike hata chembe kidogo waliyoiona. Mkihitaji kujua kama iko chini au juu ya asilimia 1, omba kuhesabiwa kwa nukta 400, ambako nukta moja ni asilimia 0.25, au nukta 1,000 ambako ni asilimia 0.1.

Mama_Afya_Kazini

Sijaona aliyetaja bodi za dari kwa kina na hilo ndilo linanitia hofu zaidi katika orodha ya Katibu, zaidi hata ya paa.

Bodi bapa iliyopakwa rangi inaweza kuwa vitu vitatu: ubao laini wa mimea usio na asbesto, saruji bapa yenye asbesto, au bodi ya kuzuia moto, ile laini yenye amositi asilimia 16 hadi 25 na wakati mwingine zaidi. Mbili za mwisho zinafanana mno zikipakwa rangi, lakini hatari yake haifanani hata kidogo. Saruji hushika nyuzi kwa nguvu. Bodi laini ukiitoboa kwa drili au kuivunja kwa mkono inamwaga nyuzi hewani.

Ripoti ikisema "amositi ipo" bila kusema ni bodi gani, haijamsaidia fundi. Ombeni maabara waseme kama ni saruji au bodi laini. Wanaangalia uzito kwa ujazo na kiasi cha maji inachonyonya: saruji ni nzito, zaidi ya tani moja kwa mita ya ujazo, na inanyonya chini ya asilimia 30 ya uzito wake, bodi laini inanyonya zaidi.

Kipima_Mkono

Naona pendekezo (b) linapuuzwa, nami nafanya kazi na vifaa hivyo, kwa hiyo niseme vinafaa wapi na havifai wapi.

Kifaa kinapiga mwanga wa infraredi ya karibu kwenye uso wa kitu na kusoma jinsi unavyorudi. Madini ya asbesto yana alama yake, kifaa kinailinganisha na maktaba yake ya ndani. Sekunde chache, hakuna kukata, hakuna vumbi. Faida yake kubwa ni kulinganisha: una bodi 200 za dari, maabara imethibitisha 3, kifaa kinakuonyesha ni zipi zinafanana na hizo 3 na zipi ni za aina nyingine. Hapo kinaokoa sampuli nyingi.

Sasa mipaka. Kinasoma uso tu. Rangi ya mafuta ikiwa juu, unasoma rangi. Paa letu la miaka 50 lina kuvu nyeusi juu, basi usipime juu, pima upande wa chini ulio mkavu na safi. Kitu cheusi humeza mwanga, kwa hiyo gundi ya lami na vigae vyeusi havisomeki kabisa. Asbesto ikiwa chini ya takriban asilimia 1, usitegemee kuiona. Na bomba la boila lenye kitambaa na rangi juu, asbesto iko ndani kwenye plasta. Kifaa kitasema hakuna na kitakuwa kimekosea.

Kikisema ipo, amini kiasi cha kuchukua tahadhari. Kikisema haipo, peleka sampuli maabara. Kampuni inayotoa cheti cha "jengo halina asbesto" kwa kifaa pekee inawauzia karatasi.

Katibu_wa_Bodi

Shukrani sana, nimeelewa zaidi kwa siku moja kuliko kwenye mikutano yetu yote. Maswali mawili. Mwalimu wetu wa kemia amejitolea kukata sampuli ili tupunguze gharama, inafaa? Na kipimo cha hewa hakina kazi kabisa?

Hewa_na_Vichujio

Nijibu la hewa. Kina kazi kubwa, ila mwishoni: baada ya kuondoa asbesto, kabla watu hawajarudi chumbani.

Hewa inavutwa kwa pampu kupita kwenye kichujio cha kipenyo cha milimita 25 chenye matundu ya mikromita 0.8 au zaidi kidogo. Kwa utaratibu wa Uingereza wa kukabidhi chumba, unavuta lita 480 au zaidi. Kwa lita 8 kwa dakika ni saa moja. Kichujio kinafanywa kiwe angavu kwa mvuke wa asetoni na triasetini, kisha nyuzi zinahesabiwa kwa hadubini kwenye maeneo 200. Unaohesabiwa ni uzi mrefu kuliko mikromita 5, mwembamba kuliko 3, na urefu wake unazidi upana mara 3. Chumba kinapita kikiwa chini ya nyuzi 0.01 kwa mililita. Hiyo 0.1 ambayo mtaiona kwenye nyaraka nyingi ni kikomo cha mfanyakazi akiwa kazini. Msikubali mtu awakabidhi ofisi kwa namba hiyo.

Udhaifu wake kwa shule ya bweni ni huu: hadubini hii ya kuhesabu inahesabu kila uzi wenye umbo hilo. Pamba ya magodoro, katani, karatasi, vyote vinaingia. Na vumbi jekundu la kiangazi likijaa kwenye kichujio hakihesabiki, unaanza upya. Ikitokea namba imepanda na mnashuku si asbesto, kichujio kiangaliwe kwa hadubini ya elektroni inayotambua madini ya kila uzi.

Kabla ya pampu kuwashwa, mkaguzi apige magoti na tochi aangalie kila pembe, kila tundu la msumari, juu ya kila kenchi. Chumba chenye vipande vinavyoonekana kwa macho hakipimwi hewa, kinarudishwa kusafishwa. Na wakati wa kupima, sakafu na kingo zifagiliwe kwa brashi ili kilicholala kiamke. Anayepima akikaa kimya kwenye kona na pampu yake, matokeo hayana maana.

Lingine, aliyeondoa asbesto asiwe ndiye anayepima. Mkataba wa mpimaji uwe na bodi, si na mkandarasi.

Mama_Afya_Kazini

La mwalimu wa kemia: kwa bomba la boila, hapana. Kwa bodi za dari, hapana. Hizo ni kazi za aliyefunzwa, na wasimamizi wa usalama kazini, OSHA ya Tanzania au DOSHS ya Kenya, watawauliza nani aliruhusu. Shahada ya kemia haimpi mtu barakoa inayomkaa sawa.

Ili bodi mjue mkaguzi wenu anafanya kazi ipasavyo, muangalie haya:

Chumba kitupu, feni imezimwa, madirisha yamefungwa, nailoni nzito imetandikwa chini ya pa kukatia. Barakoa ni FFP3 au ya nusu uso yenye kichujio cha P3. Ya hospitali na ya kitambaa hazizuii nyuzi hizi. Mwenye ndevu barakoa haimkai, vumbi linapita pembeni. Ovaroli ni ya kutupwa, aina ya 5, yenye kofia, mikono imefungwa kwa tepu juu ya glavu.

Chupa ya kunyunyizia ina maji na matone machache ya sabuni ya vyombo, ili maji yazame badala ya kuteleza juu. Analowanisha, anasubiri, analowanisha tena. Saruji anaibana kwa koleo pembeni au pale palipokwishavunjika, kipande cha sentimita za mraba 3 hadi 5 kinatosha. Hakuna drili, msumeno wala tupa. Bomba analitoboa kwa mrija wa kukatia mpaka afike kwenye chuma, kwa sababu tabaka la juu linaweza kuwa plasta ya kawaida na asbesto ikawa chini kabisa. Mrija una kitambaa chenye maji pembeni wakati wote.

Kipande kinaingia mfuko wa kwanza, unafungwa, unapanguswa kwa kitambaa chenye maji, unaingia mfuko wa pili. Namba iandikwe kwenye mifuko yote miwili, na namba ileile ionekane kwenye picha na kwenye ramani ya chumba. Tundu linazibwa papo hapo kwa plasta au tepu na rangi. Vifaa vinaoshwa kati ya sampuli na sampuli. Visipooshwa, nyuzi za bomba zitaonekana kwenye bodi isiyo na kitu, na mtalipia kuondoa dari nzima bila sababu. Vitambaa, glavu na ovaroli ni taka hatarishi pia, vifungwe mifuko miwili.

Na paa: hatari ya haraka pale siyo nyuzi, ni kuanguka. Bati la saruji la miaka 50 halibebi mtu. Sampuli ichukuliwe kwenye ukingo kutoka kwenye ngazi iliyoshikiliwa, mtu asikanyage juu.

Ezeka_Ezua

Hilo la mwisho liandikwe kwa herufi kubwa kwenye mkataba. Kukanyaga juu ya safu ya bolti hakumwokoi mtu, bati linapasuka hata hapo.

Mkaguzi_Majengo

Idadi za sampuli, kwa kuwa Katibu atazihitaji kwenye bajeti. Mwongozo wa Uingereza, HSG264, ndio natumia:

Bodi laini za dari: moja kwa kila chumba, au kila mita za mraba 25. Vyumba sita, basi sita, na zaidi kama chumba ni kikubwa au kuna bodi zilizobadilishwa. Bomba lililofungwa: moja kila mita 3, kwa mita 14 ni tano. Likiwa refu kuliko mita 20 unaweza kwenda moja kila mita 6. Ongeza kwenye kila kiungo, valvu na mahali palipoonekana kurekebishwa, maana fundi wa zamani alikanda plasta ya asbesto kwa mkono kwenye kona hata pale ambapo bomba lililonyooka lilifungwa kitu kingine. Saruji ya paa: moja au mbili kwa kila aina.

Dari au ukuta ungekuwa umepulizwa kitu laini kama pamba au plasta, Wamarekani wana kanuni ya 3-5-7: sampuli 3 mpaka mita za mraba 93, 5 mpaka kama 465, na 7 zaidi ya hapo. Kwenu sijaona kilichotajwa cha aina hiyo, ila angalieni juu ya dari.

Kwa sakafu, kama mnaiacha, msipime. Ichukulieni ni asbesto, iandikeni kwenye rejista, msiipige msasa wala mashine ya kung'arisha yenye brashi kavu, na wekeni sakafu mpya juu yake. Pesa ya TEM iende kwenye dari.

Hadubini_Polar

Kabla ya kupeleka kokote: ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara, na muombe ile karatasi ya wigo wa ithibati. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya maji na udongo, ikapokea asbesto bila kuwa nayo kwenye wigo. Wa kuthibitisha ni KENAS kwa Kenya, SADCAS kwa Tanzania na nchi nyingine za SADC, SANAS kwa Afrika Kusini, UKAS kwa Uingereza. Uliza pia kama wanashiriki mpango wa kulinganisha maabara. AIMS ni mmoja wapo wa sampuli za vifaa.

Usafirishaji: kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya bidhaa hatari asbesto ya krisotili ni UN 2590 na jamii ya buluu na kahawia ni UN 2212, daraja la 9. Kipengele maalumu namba 168 kinaiondoa kwenye masharti hayo kama imeshikwa na saruji, plastiki, lami au gundi kiasi kwamba nyuzi haziwezi kutoka. Kipande cha bati kinaingia humo. Unga wa bomba la boila hauingii, huo unahitaji kifungashio na nyaraka kamili. Na kampuni za vifurushi zina masharti yao zaidi ya hayo, kwa hiyo uliza kabla, na usiandike "sampuli ya mawe" kwenye fomu.

Leicester_Mzawa

Kwa huku Uingereza ambako asbesto nyeupe ilipigwa marufuku mwaka 1999, ukaguzi uko wa aina mbili na naona mkanganyiko huo huo huenda ukawapata. Wa kwanza ni wa usimamizi: mkaguzi anaangalia vinavyofikika, anaweka rejista ya jengo linaloendelea kutumika. Wa pili ni wa ukarabati na ubomoaji: anavunja ukuta, anafungua sakafu, anaingia juu ya dari, na jengo sharti liwe tupu. Ninyi mnabadilisha dari na paa, kwa hiyo wa kwanza hauwatoshi. Kampuni ikiwapa bei ndogo, muulize ni upi.

Na kwenye ripoti tafuteni ukurasa wa maeneo ambayo hayakufikiwa. Kila eneo lililoandikwa hapo lihesabiwe lina asbesto mpaka lifunguliwe. Maabara ikiandika "hakuna asbesto iliyoonekana", inazungumzia kipande kilichofika mezani kwao, siyo chumba kilikotoka.

Mto_Kando

Samahani kuingilia, kuna mtu alituambia asbesto nyeupe haina madhara, na je, maji ya mvua yanayovunwa kwenye mapaa hayo ya walimu?

Mama_Afya_Kazini

Nyeupe ina madhara. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, imeziweka aina zote sita kwenye kundi la 1, visababishi vya saratani kwa binadamu.

Maji: ushahidi mzito ni wa kuvuta pumzi. Shirika la Afya Duniani, WHO, haijaweka kikomo cha asbesto kwenye maji ya kunywa kwa kuwa haijaona ushahidi thabiti wa madhara ya kuinywa; Marekani imeweka nyuzi milioni 7 kwa lita, zile ndefu kuliko mikromita 10. Kinachonisumbua zaidi ni tope la kijivu linalokaa kwenye gata na chini ya tangi. Hilo ni saruji iliyoliwa na mvua pamoja na nyuzi zake. Watu hulichota, hulimwaga uani, linakauka, watoto wanachezea. Litolewe likiwa limelowa, lifungwe mifuko miwili. Na paa lisioshwe kwa mashine ya maji ya kasi hata siku moja.

Katibu_wa_Bodi

Basi nimeandika hivi kwa ajili ya kikao. Paa: vipande viwili maabara kwanza, vikithibitisha tunalihesabu lote. Dari: sampuli sita au zaidi, PLM, na maabara iseme ni saruji au bodi laini. Sakafu: haipimwi, inafunikwa, inaingia kwenye rejista. Boila: imefungwa tangu jana, sampuli tano na za kwenye kona, anachukua mkaguzi. Kifaa cha mkononi: hapana, isipokuwa dari ikionyesha bodi za aina nyingi. Hewa: baada ya kuondoa, na mpimaji tunamwajiri sisi. Nimesahau kitu?

Mkaguzi_Majengo

Vizuri. Ongeza kwenye boila: gasketi za kila flenji, na kamba ya kuziba mlango wa tanuri. Kamba hiyo mara nyingi ni krisotili karibu tupu, na fundi wa boila huibadilisha kwa mikono mitupu kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Angalieni na boksi la umeme la zamani. Bodi nyeusi au ya kijivu iliyo nyuma ya fyuzi nayo ikatiwe sampuli, umeme ukiwa umezimwa.

Hewa_na_Vichujio

Na feni ya jiko. Kama chumba cha boila kina tundu linaloingiza hewa jikoni, lizibeni kwa nailoni na tepu kabla mkaguzi hajafika, siyo siku ya kazi.